Picha ya Posa: Je, Holbein Alisema Kweli?

Msichana amesimama wima, kavaa nyeusi tupu tangu kichwani hadi sakafuni. Nyuma yake hakuna dirisha, hakuna pazia, hakuna kiti. Ni ukuta tu wa rangi iliyo kati ya buluu na kijani, na kivuli chake mwenyewe. Katika weusi huo vimejitokeza vitu vichache: uso, mikono, glavu alizozishika, na pete ya kito chekundu. Ana miaka 16 na tayari ni mjane. Jina lake ni Christina wa Denmark. Aliyemchora ni Hans Holbein, Mjerumani mzaliwa wa Augsburg, mwaka 1538, kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni. Ubao wenyewe una kimo cha sentimita 179 na upana wa sentimita 82 na nusu, kwa hiyo ukisimama mbele yake unatazamana na mtu mzima-mzima, si na kichwa kilichokomea mabegani kama picha nyingi za zama zile.

Haikuchorwa ili ipambe sebule. Ilikuwa picha ya posa. Mposaji alikuwa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, mtu wa miaka 46, ambaye mke wake wa tatu, Jane Seymour, alifariki tarehe 24 Oktoba 1537, siku 12 baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Wa kwanza alikuwa ameachwa, wa pili amekatwa kichwa. Sasa alitafutwa wa nne, na kwa kuwa mfalme hakuweza kuvuka bahari kwenda kumwona binti wa watu, alitumwa mchoraji.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Picha iliyoagizwa na mtu anayetafuta mke inaaminika kwa kiasi gani? Ili kila upande usikike, makala haya yanawasimamisha watu wanne, waongeaji wa Kiswahili waliokutana ughaibuni, mbele ya picha hiyo katika National Gallery, London. Watu hao ni wa kubuni. Majina, tarehe na bei wanazozitaja ni za kweli. Yupo kijana mpiga picha za harusi. Yupo mwalimu wa sanaa aliyestaafu. Yupo mama mmoja fundi cherehani, na yupo mzee ambaye kwa miaka mingi amekuwa mshenga wa familia za watu.

Kijana ndiye aliyewahi.

"Shikamoo, mwalimu. Unisamehe, lakini kazi hii ndiyo inayoniweka mjini, kwa hiyo sidanganyiki kirahisi. Ukiona nyuma kumeachwa tupu namna hii, ujue kuna mtu kaamua. Kaondoa kila kitu kinachoweza kushindana na uso. Nguo nyeusi inapunguza mwili na kung'arisha ngozi. Mikono imeletwa mbele ili vidole vionekane. Kasimamishwa mzima ili mteja apime kimo. Hili ni tangazo. Zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, lakini ni tangazo."

"Marahaba, mwanangu," mwalimu akajibu. "Kwamba kuna aliyeamua, sibishi. Ninachobisha ni kwamba kila aliyepanga vizuri kadanganya. Hebu tuanze na kilichotokea."

Akaanza na tarehe, kama ilivyo desturi ya walimu. Desemba 1537, John Hutton, mwakilishi wa Uingereza mjini Brussels, aliandika barua kuhusu wanawake wa kuolewa walioko Bara la Ulaya. Christina alimsifu: mrefu, mpole wa kauli, mwenye uso wa kuvutia, ingawa si mweupe kama marehemu Jane. Akitabasamu, aliandika Hutton, hutokea vishimo viwili mashavuni na kimoja kidevuni. Hata kitembe cha binti huyo hakukinyamazia. Alikitaja, kisha akasema hakimharibii kitu.

Barua haikutosha. Machi 1538 mfalme akamtuma Philip Hoby, mtumishi wake, akiwa ameandamana na Holbein. Walifika Brussels tarehe 10. Siku mbili baadaye, saa saba mchana, Christina alitokea mbele ya mchoraji, na ilipofika saa kumi kazi ilikuwa imefungwa. Basi. Muda wenyewe ndio huo, na Hutton aliuandika kwa mshangao, kwa sababu kilichotoka kilikuwa kamili.

"Na kuna jambo jingine," mwalimu akaendelea. "Hutton alikuwa ameshatuma London picha nyingine ya Christina, kazi ya mchoraji wa hukohuko. Hoby alipofika, Hutton akatuma mtu mbio kuizuia njiani. Alipoiona kazi ya Holbein akaandika kwamba ile ya kwanza, ukizilinganisha, ilikuwa imeborongwa. Sasa niambie, mtu anayetaka kumpaka mfalme mafuta kwa mgongo wa chupa angehangaika hivyo? Angeiacha ile ya kwanza iende. Walitaka sura yenyewe."

Kijana hakutikisika. Alijua habari ya mwezi uleule: Holbein alirudi London tarehe 18 Machi, na siku chache baadaye Eustache Chapuys, balozi wa Kaisari Charles V, akaripoti kwamba tangu mfalme aione kazi hiyo amechangamka kuliko kawaida yake, na wanamuziki wanapigishwa vyombo kutwa. "Si unaona, mwalimu? Mteja kaona, mteja kafurahi, mteja kaita bendi."

Mwalimu alicheka, lakini alikuwa na la kusahihisha. Alichokiona Henry siku zile hakiwezi kuwa ubao huu mrefu. Rangi za mafuta hukauka polepole. Rangi inasagwa, inachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani au ya kokwa, inapakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hungojewa. Kazi ya ukubwa huu haiishi kwa siku tano, tena mchoraji akiwa safarini. Alichorudi nacho Holbein ni mchoro wa karatasi.

Namna yake ya kufanya kazi inajulikana vizuri, kwa sababu michoro yake karibu 80 imehifadhiwa katika mkusanyiko wa kifalme wa Windsor. Alikuwa akipaka karatasi rangi ya waridi iliyofifia, ambayo tayari ni ngozi ya mtu kabla hajaanza, kisha akachora kichwa kwa chaki za rangi na kukaza mistari ya macho, pua na midomo kwa wino. Nguo aliipitia haraka. Mara nyingine aliandika pembeni kwa Kijerumani jina la kitambaa au rangi ili akumbuke akirudi karakanani. Mchoro wa Christina haupo leo, lakini utaratibu hauna fumbo: uso ulichukuliwa Brussels kwa mchana mmoja, na mwili wa picha ukajengwa baadaye Uingereza, taratibu, mhusika akiwa ng'ambo ya bahari.

"Asante sana," kijana akadaka. "Kumbe nguo, mikono, ukuta, sakafu, vyote kavitengeneza binti hayupo! Mimi nikifanya hivyo kwenye kompyuta yangu watu wananiita mwongo."

Inafaa kukiri kwamba hoja hii ina uzito. Anayeitazama picha hii anahisi yumo chumba kimoja na Christina, wakati chumba chenyewe hakikuwahi kuwapo. Hata urefu wa wima ule ni uamuzi. Picha ya mtu mmoja, mwanamke, kwa ukubwa wa mwili wake, ilikuwa nadra kaskazini mwa Ulaya. Lucas Cranach aliwahi kuifanya mwaka 1514 alipowachora Duke Heinrich wa Saksonia na mkewe Katharina, picha ambazo leo ziko Dresden, lakini pale kuna kofia ya manyoya ya ndege, nguo za rangi za kuwaka na mbwa miguuni. Kwa Holbein hakuna mbwa, hakuna nembo ya ukoo, hakuna taji.

Kijana akatoa karata yake ya mwisho. "Na yule wa Cleves?"

Kila mjadala kuhusu Holbein hufika hapo. Kiangazi cha 1539 alitumwa Düren, Ujerumani, kumchora Anne wa Cleves, kwenye ngozi laini ambayo baadaye ilibandikwa juu ya turubai; kazi hiyo iko Louvre, Paris. Safari hii ndoa ilifungwa, tarehe 6 Januari 1540. Mfalme alipomwona bibi harusi ana kwa ana hakumpenda, na alisema hivyo waziwazi. Tarehe 9 Julai mwaka huohuo ndoa ikabatilishwa. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba mchoraji ndiye aliyemponza mfalme: kwamba alimpamba Anne, akamgeuza uso kwa mbele ili kasoro zisionekane.

"Imezoeleka kusemwa," mwalimu akarudia, "lakini tazama nani alilipa. Thomas Cromwell, waziri aliyeisukuma ndoa ile, alikatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540. Holbein hakuguswa. Aliendelea kuishi London mpaka alipofariki mwaka 1543. Na Nicholas Wotton, mjumbe wa Uingereza kule Cleves, mtu aliyemwona Anne kwa macho yake, aliandika kwamba Holbein amemnasa yeye na mdogo wake kama walivyo. Mfalme aliyekuwa akiwaua watu kwa makosa madogo, unadhani angemwacha mchoraji aliyemdanganya katika jambo la kitandani kwake?"

Ushahidi huu ni mzuri kuliko wowote alio nao mwalimu, ila haufungi kesi. Mfalme mwenye hasira huweza kumsamehe mtu mdogo kwa sababu amempata mkubwa wa kumtupia lawama. Holbein alikuwa mtu wa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka, Cromwell alikuwa na maadui nusu ya baraza. Pamoja na hayo, ubatilishaji ule uliendeshwa kwa hoja za sheria, hasa uchumba wa zamani wa Anne na mtoto wa Duke wa Lorraine, na kwamba tendo la ndoa halikufanyika. Picha haikushtakiwa.

Muda wote huo mama fundi cherehani alikuwa amesogea karibu na ubao kiasi ambacho walinzi wa jumba la sanaa huanza kukohoa.

"Nyie wanaume mnazungumza habari za mchoraji na mfalme," akasema bila kugeuka. "Mwenye picha mmemsahau. Hebu njooni muone nguo hii."

Ni vazi la juu la satini nyeusi, refu, lililoachwa wazi mbele, na ndani limetiwa bitana ya manyoya ya rangi ya kahawia. Manyoya hayo yanachungulia kwenye pindo zote mbili za mbele, kuanzia kolani hadi chini, na Holbein ameyachora mpaka mtu anaona unyoya ulipolala na uliposimama. Mabegani mikono imetunishwa. Chini ya kiuno kitambaa kinashuka kwa mikunjo mirefu, mizito, na hapo ndipo fundi aliponyoosha kidole: weusi ule si mmoja. Kwenye mgongo wa kila mkunjo kuna mng'ao wa kijivu, mwembamba, unaokatika pale kitambaa kinapopinda. Satini hufanya hivyo, sufu haifanyi. Mtu ambaye hajawahi kushika satini hawezi kuichora hivi. Weupe upo mahali pawili tu, shingoni na kwenye vifundo vya mikono, marinda membamba ya kitani. Nywele hazionekani hata moja. Kofia nyeusi imezifunika.

"Haya si mapambo ya kumtoa binti," mama akasema. "Huyu yumo kwenye msiba. Mume wake alikufa lini?"

Mwalimu akamjibu, na hapo sauti yake ikapungua ujuaji. Christina alizaliwa Novemba 1521, binti wa Christian II, mfalme wa Denmark, na Isabella, dada yake Charles V. Kabla hajafikisha miaka miwili baba yake alipinduliwa, familia ikakimbilia Nchi za Chini. Mama yake alifariki mwaka 1526. Baba alijaribu kurudi, akakamatwa mwaka 1532, na hakutoka kifungoni hadi kufa kwake mwaka 1559. Mtoto alilelewa na ndugu wa mama yake. Akiwa na miaka 11 aliozwa kwa uwakilishi, bwana harusi akiwa mbali, kwa Francesco II Sforza, Duke wa Milano, mtu aliyezaliwa mwaka 1495. Aliingia Milano mwaka 1534, akiwa na miaka 12. Mume akafa vuli ya 1535. Mjane alikuwa hajatimiza 14.

"Miaka miwili na nusu baadaye bado yumo kwenye nyeusi," mama akasema. "Na mnataka kuniambia hii nguo kaibuni mchoraji?"

"Hapana, mama," mwalimu akakubali. "Hutton naye aliandika kwamba Christina alikuwa katika mavazi ya msiba kwa desturi ya Italia. Hilo lilikuwa vazi lake."

Kijana alijaribu. "Lakini mama, hata msiba unaweza kuuza. Mjane mwenye staha, kijana, ameshajua kuishi ikulu. Mteja wa umri ule..."

"Sikatai. Ila wewe ukipewa bibi harusi umpige picha za kupeleka kwa wakwe, utakubali avae kaniki? Si utamwambia abadilishe? Huyu hakubadilisha. Tazama anavyotutazama. Hajachukia, wala hajamchekea mtu. Kashika glavu zake kama aliyeitwa akaja, na akiambiwa basi ataondoka."

Vishimo vya mashavu alivyovisifu Hutton vinataka tabasamu la kweli, na msichana huyu amefumba midomo. Mchoraji wa tangazo angevitafuta kwanza. Hii ni hoja ambayo hata mwalimu hakuwa ameifikiria, na ndiyo iliyogeuza mjadala. Mpaka hapo walikuwa wanauliza kama Holbein alimpendezesha Christina. Sasa swali likawa: kama alitumwa kuleta sura ya kumvutia mfalme, kwa nini alileta na kusita kwake?

Mzee mshenga, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi akipumzisha magoti, akakohoa kidogo.

"Wanangu, mimi nimepeleka posa nyingi. Nimeona zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Sijaona posa iliyovunjwa na picha. Picha huvuta jicho, lakini wanaokaa mkekani ni wazee, na wazee huzungumza mengine. Mwalimu, wale walizungumza nini?"

Walizungumza nchi. Christina alikuwa na haki zake za mjane Milano, na Milano ndiyo iliyogombewa na Charles V na Francis I wa Ufaransa kwa miaka. Alikuwa pia binti wa mfalme aliyeng'olewa Denmark, kwa hiyo dai la kiti kile lilimfuata. Palikuwa na suala la mahari. Tena palikuwa na undugu: Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa Henry, alikuwa dada wa bibi yake Christina, na kwa sheria ya kanisa ndoa ya namna hiyo ilihitaji ruhusa maalumu. Ruhusa ya nani? Charles alitaka ya Papa. Henry, aliyejitenga na Roma mwaka 1534, asingeweza kumwomba Papa kitu bila kujikana mwenyewe.

"Hapo imeshakufa," mzee akasema.

Ilichukua muda kufa. Juni 1538 Charles na Francis walipatana huko Nice, na wakuu hao wawili walipopatana, hakuna aliyekuwa na haraka tena ya kuwa shemeji wa Uingereza. Mwaka huohuo Henry alipeleleza pia upande wa Ufaransa. Holbein akatumwa tena kuchora mabinti huko. Mfalme alipendekeza mabinti hao waletwe Calais awaone kwa macho yake. Wafaransa walikataa, wakamwambia kwa namna yao kwamba mabinti wa heshima hawapelekwi mnadani. Kufikia mwanzo wa 1539 posa ya Christina ilikuwa imekwisha.

Na yeye mwenyewe alisemaje? Ipo kauli maarufu inayosema alijibu kwamba angekuwa na vichwa viwili, kimoja angempa mfalme wa Uingereza. Ni kauli tamu, na kijana aliitoa kwa furaha. Mwalimu alilazimika kumnyang'anya: hakuna maandishi ya wakati ule yanayoithibitisha. Kilichoandikwa ni kikavu zaidi. Mjumbe wa Henry, Thomas Wriothesley, alipomuuliza moja kwa moja kuhusu nia yake, Christina aliona haya, akajibu kwamba yeye yuko chini ya amri ya Kaisari. Uvumi wa mwaka 1539 ndio uliosema zaidi, kwamba upande wake uliogopa: mke wa kwanza alisemekana kulishwa sumu, wa pili kuuawa bila hatia, wa tatu kupotea kwa uzazi uliokosa uangalizi.

"Jibu la Kaisari ni zuri kuliko la vichwa viwili," mama fundi akasema. "La vichwa viwili ni la mtu mwenye nafasi ya kutania. Hili ni la mtu anayejua kwamba hakuulizwa kweli."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Wasichana wa aina hiyo, alisema, kawaona: wanajibu kwa adabu, na ukiwa na masikio unasikia kwamba adabu ndiyo mlango walioufunga.

Kijana hakutaka kushindwa kabisa, na haki yake apewe, alirudi na hoja mpya. Kama picha ilishindwa kuleta mke, kwa nini ilitunzwa? Hapa majibu ni ya kupendeza. Posa ilikufa, picha ikabaki. Orodha ya mali za mfalme katika kasri ya Whitehall mwaka 1542 inaitaja: picha ya Duchess wa Milano, mwili mzima. Henry alikuwa ameshapitia mke wa nne na wa tano, na yule aliyemkosa bado alikuwa amesimama ukutani mwake. Baada ya kifo chake mwaka 1547 ilihamia mikononi mwa ukoo wa Arundel na kufuata urithi mpaka kwa ma-Duke wa Norfolk, ambao waliiazimisha National Gallery mwaka 1880.

Mwaka 1909 Duke wa Norfolk akaiuza. Wafanyabiashara wa picha, kampuni ya Colnaghi, waliinunua kwa pauni 61,000 na kuipa nchi nafasi ya kuichukua kwa pauni 72,000. Ikishindikana, ilijulikana kwamba ingevuka Atlantiki, na jina la tajiri wa Marekani Henry Clay Frick likawa linatajwa. Miaka mitatu tu kabla, taifa lilikuwa limechangishana pauni 45,000 kwa picha ya Velázquez, na watu walidhani hiyo ndiyo bei ya mwisho duniani. Michango ikasuasua. Muda ukiwa unayoyoma, mwanamke mmoja, aliyeomba jina lake lisitajwe, akatoa pauni 40,000 peke yake.

"Pauni elfu sabini na mbili," kijana akapiga mluzi, "kwa kazi ya mtu aliyelipwa thelathini kwa mwaka. Nimeshasema ni tangazo zuri."

"Ila walionunua hawakutaka kumuoa," mwalimu akamkumbusha.

Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kujificha nyuma ya sauti hizi nne. Kijana yuko sahihi kwamba picha imepangwa kuanzia ukuta hadi kidole, na wapenzi wa Holbein wanaomsifu kama kioo kisicho na nia wanamkosea. Kioo hakichagui kuacha chumba kitupu. Lakini amekosea pale anapodhani mpangilio huo ulimtumikia mteja peke yake. Mwalimu ameshinda kuhusu sura: wakati ule sura sahihi ilikuwa na faida kuliko sura tamu, kwa sababu mteja angekuja kuihakiki mwenyewe. Hata hivyo, hoja yake ina kichefuchefu kidogo ndani yake, kwani usahihi wa namna hiyo ni usahihi wa mzani wa dukani, na aliyekuwa juu ya mzani alikuwa mtoto wa miaka 16.

Aliyeona mbali ni fundi cherehani. Holbein alitumwa kuleta uso. Alipewa mchana mmoja, akarudi na mtu: mjane aliyevaa msiba wake, asiyetoa tabasamu lililotajwa kwenye barua, aliyesimama mbele ya ukuta usio na chochote cha kumsemea. Hakuna njia ya kuthibitisha kwamba mchoraji alimhurumia. Inawezekana kabisa alikuwa akifanya kazi aliyoizoea, kuandika kilichopo mbele yake bila kuongeza. Lakini kilichopo mbele yake kilikuwa na kusita, na mtu mwaminifu kwa kazi hakuweza kukiacha. Kama swali ni iwapo Holbein alisema kweli, basi alisema zaidi ya aliyoagizwa.

Christina mwenyewe hakubaki kuwa picha. Mwaka 1541 aliolewa na François, mrithi wa Lorraine, ndugu wa mmojawapo wa mabinti waliokuwa wakipelelezwa na Henry, na yuleyule ambaye uchumba wake wa utotoni na Anne wa Cleves ulitumika kuivunja ndoa ya mfalme. Mume huyo alifariki mwaka 1545, naye akaitawala Lorraine kwa niaba ya mwanawe mdogo mpaka mwaka 1552, Mfaransa alipoiteka nchi na kumchukua mtoto. Mwaka 1559 alikuwamo katika mashauri ya amani ya Cateau-Cambrésis, yaliyomaliza vita vya muda mrefu kati ya Ufaransa na Uhispania. Alikufa Tortona, Italia, Desemba 1590, miaka 43 baada ya Henry.

Anayefika London anaweza kuusikiliza upande wa fundi cherehani kwa macho yake, kwani National Gallery haitozi kiingilio kwa mkusanyiko wake wa kudumu. Akifika asianze na uso, kwa kuwa uso umeshasemewa sana. Aanze chini, kwenye mikunjo ya satini, apande polepole na pindo za manyoya mpaka kwenye mikono na ile pete nyekundu, kisha ndipo amtazame Christina na kuamua mwenyewe kama huyo ni mtu anayejiuza.